Vitenzi Vilivyokaa

Isevya, darasa la jioni, balbu moja.
Mwalimu Kalunde amepiga mstari mwekundu
chini ya sentensi niliyoikeshea:
I am knowing the price of honey.
"Mzee Mihayo, kujua si kupalilia.
Huanzi kujua saa mbili asubuhi,
ukapumzika ukala ugali, kisha ukaendelea.
I know. Kitenzi kimekaa. Kiache kikae."

Nikakuna kichwa.
Kwetu ninachimba na ninajua,
ninapika na ninapenda,
hiyo "na" ni shuka moja, tunajifunika wote.
Ila nikiishiwa nguvu nasema nimechoka,
nimesimama, nimeshiba, nimelala
(mke wangu hucheka: umelala, na unajibu?).
Kumbe nasi tunavyo vilivyokaa,
tumevipa tu kigoda kingine.

Kesho yake nikapeleka somo sokoni.
Ndoo naitundika: I am weighing it,
hapo sawa, mkono unafanya kazi, mshale unacheza.
Mshale ukatulia. Ishirini na tatu.
It weighs.
Hakuna anayefanya kitu tena, hata ndoo.
Nikachovya kidole: I am tasting.
Nikameza: it tastes,
maua ya mtundu, moshi kidogo,
mvua iliyochelewa kule Sikonge.
"Mzee, unaongea na nani?"
"Na asali. Unachukua lita ngapi?"

Jaribio la Ijumaa nilipata kumi na tisa kwa ishirini.
Hilo moja nililigomea:
I am having a house in Kiloleni.
"Unayo au huna?" akauliza Kalunde.
Nikamwambia, chukua baiskeli, mwalimu, twende.

Matofali ya msimu wa mizinga kumi.
Lenta ya msimu wa mizinga sita,
mwaka ule siafu walipotuingilia.
Mlango ni gunia. Mchicha umeota sebuleni,
na mke wangu ameshauchuma mara mbili.
Niambie sasa, hii ninayo,
au ndiyo kwanza ninakuwa nayo,
tofali kwa tofali, ndoo kwa ndoo?

Kalunde akasimama katikati ya chumba
akitazama mbingu pale ambapo pangekuwa dari.
"Kanuni ni kanuni," akasema.
Alama hakunirudishia.
Tulipofika barabarani akashuka kwenye baiskeli.
"Bati moja siku hizi ni shilingi ngapi?"

Hilo, mwalimu,
I know.