Nyuma ya Dodoso

Walinipa bahasha tatu za kaki na lita nne za petroli,
wakaniambia: shule kumi na moja, siku mbili,
urudi na maoni ya walimu.
Dodoso lilikuwa ukurasa mmoja, maswali tisa,
juu nembo ya halmashauri, chini
mistari miwili ya "maoni mengine",
mifupi kama mkia wa sungura.

Swali la nne liliuliza juu ya Mkakati wa Saa Kumi na Mbili:
kila mtoto awe darasani kabla jua halijachomoza.
Nakubali sana. Nakubali. Sina hakika.
Sikubali. Sikubali kabisa.
Weka alama ya vema.

Makete mwezi wa saba haihitaji kuulizwa chochote.
Sakitu imelala juu ya majani ya viazi,
pikipiki inakohoa, vidole vyangu havinijui.
Nilimkuta Mwalimu Tweve mlangoni mwa darasa la pili
akiwasugua watoto viganja, mmoja baada ya mwingine,
kama mtu apekechaye moto.
"Ngoja," akasema, "nimebakiza kumi na wanne.
Bila hivi, kalamu hawaishiki."

Nikangoja.
Kwenye swali la nne akaweka vema
penye Nakubali Sana.
Nikamtazama. Akanitazama.
"Mmesema tusiandike majina," akasema,
"ila jina la shule tuandike.
Hapa tuko watatu, na mwanamke ni mimi."

Shule ya pili, Mwalimu Ilomo alikuwa na madarasa mawili,
ukuta mmoja katikati, mlango mmoja wa kukimbilia.
Alijaza huku akifundisha kutoa kwa kukopa.
Akanirudishia karatasi, na neno nililokosea kuchapa
kalizungushia wino mwekundu.

Mwalimu Anyitike Mbwilo, astaafuye Desemba,
hakugusa kalamu.
"La mwaka juzi lilijibiwaje?"
Nikasema nitafuatilia.
"Naam," akasema, "na yule wa mwaka juzi
alisema hivyo hivyo. Karibu chai."

Jioni mvua ya manyunyu ikanifungia kwenye kibanda cha magogo.
Nikatoa karatasi nizikaushe, nikazigeuza.
Nyuma, kusikokuwa na swali hata moja,
kulikuwa kumejaa.

*Mtoto wa kwa Kyando anavuka mto gizani. Daraja ni mti mmoja.*
*Saa kumi na mbili nafundisha kutetemeka.*
*Uji utangulie, mkakati utafuata wenyewe.*
*Naomba uhamisho. Hapana, futa hilo. Naomba mabati.*
Na moja kwa penseli, imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka:
*Msituulize tena kama hamtaki kujua.*
Mwandiko wake ulikuwa wa kike.

Ofisini niliambiwa nijumlishe.
Swali la nne: asilimia themanini na moja wanakubali.
Jedwali halina mgongo.

Basi nikaketi pale ninapoketi siku zote,
kando ya dirisha lililovunjika kioo,
penye furushi la karatasi lililoshindiliwa kuzuia upepo.
Miaka miwili nimeegemeza kiwiko hapo.
Siku hiyo nikalichomoa, nikalikunjua kwenye goti.
Ukurasa mmoja. Maswali tisa. Nembo ileile.
Nikageuza.

Upepo wa Kitulo ukaingia bila kubisha hodi,
ukaangusha ratiba ya vikao, ukapoza chai ya watu.
Mkuu akajikunyata ndani ya koti lake:
"Bwana Sanga, ziba hapo, tunaganda!"
"Ngoja, mkuu," nikasema,
"nimebakiza kumi na nne."

Nikaendelea kusoma,
safari hii kwa sauti.