Kulabu ya Nane

Gogo lilitoka Siberia, likielea miaka,
chumvi imelinyonya mpaka jepesi kama mkate mkavu.
Steinvör alilikokota kutoka ufukwe wa Strandir,
akalipasua, akachora kwa mkaa
ile alama ya wasiopotea:
mikono minane, kitovu kimoja.
Pembeni, runi, herufi zisizo na mviringo,
maana kisu hakipendi kona.
Zinasema: *Futa viatu.*

"Si uchawi," aliniambia, akipuliza unga wa mbao.
"Wazee waliikunja, wakaivaa ndani ya kofia
theluji ikifuta njia.
Mimi nataka ukuta upendeze, basi."

Na kwenye ncha ya kila mkono
akapigilia kulabu ya shaba, ya makoti.

Wageni huisifu, hupiga picha, huuliza bei.
Usiku, dhoruba ikigonga bati,
yeye hupita koridoni na taa,
akihesabu kwa kidole:
la Hallfríður, la Bersi, la mtoto,
la yule mpangaji Mpolandi, linalonuka samaki…

Saba.

Ya nane i tupu tangu Februari.
Kila Jumamosi huisugua kwa majivu na kitambaa.
Inang'aa kuliko zote.