Alama ya Vema

Darasa la pili, Makorora, tulikuwa na boksi la vizibo:
vya soda, na vya bia (hivyo alileta Shekue,
sikuuliza kavitoa wapi).
Saba na tano. Vidole vinasukuma bati sakafuni,
kwaru, kwaru,
halafu daftari linanijia usoni, kona zimejikunja:
"Mwalimu, niwekee vema. Kubwa. Ifike mstari wa juu."
Hesabu kwao ilikuwa hiyo, wino mwekundu
na mtu mzima aliyeinama.

Shekue yuleyule, darasa la sita, hana haja na vema.
Anataka kumaliza kabla ya Kidawa.
Anaitupa kalamu mezani ili sote tusikie,
na Kidawa, taratibu, anapiga mstari chini ya jibu,
kwa rula, mara mbili, kama anayepima kiwanja.
Jibu la Shekue lilikuwa kosa. Halikumsumbua.

Wakanihamishia sekondari, Chumbageni.
Nikamkuta kidato cha tatu, sauti besi, ndevu nne.
"Hii inatoka kwenye mtihani?"
Nikisema haitoki, madaftari yanafungwa
kama maduka ya Ngamiani saa ya Ijumaa.
Siku moja nikauliza: humu ndani mnapenda nini?
Kimya. Kisha, "Kanuni fupi, mwalimu."
Kidawa peke yake, karibu na dirisha:
"Napenda pale ninapokwama,
halafu usiku, naosha vyombo, inafunguka."
Wakamcheka.
Nami nilicheka, kidogo. Bado linaniuma.

Sasa nimestaafu. Jumanne na Alhamisi,
nyuma ya fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Mbili,
nafundisha akina mama wa kikoba.
Mwanatumu, muuza mihogo, miaka hamsini na nane,
hana wa kushindana naye, hana mtihani.
Anataka kujua kwa nini mkopo wa laki mbili
umekula miezi yote hii na haujashiba.
Wiki tatu tulikaa na asilimia.
Jana akaipata: elfu kumi na nane walimzidishia.
Akairudia, akairudia tena,
kidole kikisukuma tarakimu kama kizibo.

Nilidhani atainuka, aende kwa mweka hazina.
Akanisukumia daftari.
"Mbona huniwekei?"

Nilikuwa na kalamu ya bluu tu.
Akaitazama, akaguna,
akamtuma mjukuu dukani na sarafu mkononi.
Tukangoja.