Kuongeza Mtu Mmoja

Alikuja na simu yenye kioo kilichopasuka,
akanionyesha picha mbili kwa ncha ya kucha:
hii ya familia, Hombolo, mwezi wa sita, mbele ya tembe,
na hii ya Yaredi peke yake, kituo cha mafuta.
"Mtie huyu humu," akasema Mama Sechelela.
Nikadhani ni kazi ya dakika kumi.

Kumkata si kazi. Nikamchomoa kwenye pampu na magari,
nikamtua mwisho wa mstari, kando ya dada yake Nyemo,
akaelea.
Miguu ipo, viatu vipo,
ardhi imemkataa.

Kipo kitufe cha kivuli. Vijana wa Majengo wote hukibonyeza.
Kinampa mtu utando mweusi mgongoni
kama tangazo lililobandikwa ukutani, gundi ikazidi.
Hicho ni kivuli cha karatasi.
Cha mtu huanzia kisiginoni.

Basi nikavisoma vivuli vya wenyewe.
Saa kumi na nusu, jua linatoka kulia, kule kwenye mizabibu.
Kila mmoja kalaza kimo chake mara mbili upande wa kushoto,
kamlalia jirani yake;
hata ndoo, hata jogoo aliyepita bila kualikwa.
Yaredi, jua la kituo cha mafuta lilimpiga shavu jingine.
Nikampindua kushoto kulia. Likakubaliana.

Mama akainama kwenye skrini, akanyamaza, kisha:
"Kovu la mwanangu liko jicho la huku."

Nikamrudisha alivyokuwa.
Shavu nikalitia giza kwa mkono, brashi ndogo,
nusu saa nzima, upepo wa Dodoma ukigongagonga bati.

"Ana urefu gani?"
Niliuliza kwa ajili ya hesabu tu.
Akaondoka kwenye stuli, akaenda mlangoni,
akapandisha mkono juu ya kitasa, juu ya bango la vocha,
akasimamia vidole.
"Hapa. Mlango kama huu aliinama."
Aliinama, si huinama.
Sikuuliza. Nikaandika namba.

Nikamnakili Yaredi, nikamjaza giza mwili mzima,
nikamlaza chini, nikamvuta hadi akatimiza urefu wa wawili.
Mweusi mtupu situmii.
Kivuli cha Hombolo ni udongo uleule mwekundu
ulionyimwa jua, na ubuluu kidogo ambao anga hudondosha.
Nikaufyonza udongo kwa kalamu, nikaupunguza mwanga,
nikaacha changarawe zionekane ndani yake.
Chini ya soli, uzi mwembamba wa giza nene.
Kifundoni, ukingo mkali.
Kadiri kinavyokwenda mbali ukingo unalegea,
unafifia, kama mtu anayekuaga
huku ameshaanza kutembea.

Hapo ndipo kilipomgonga Nyemo.
Sikuwa nimemfikiria.
Nikakipandisha gotini kwake, kikavunjika
kwenye mikunjo ya kitenge, kikapoteza wekundu
kikashika kijani cha kitambaa,
kikamfika begani, shingoni, usoni.
Ndugu yake amemkinga jua.

Lakini siku ile Nyemo alisimama wa mwisho.
Jua lote la saa kumi na nusu alilila peke yake,
amekunja uso, jicho moja limefumba.
Kivuli nimempa. Uso bado umekunjwa.
Nilijaribu kuukunjua, ukawa uso wa mtu mwingine,
nikafuta.
Kwa hilo sina brashi.

Mama aliitazama mpaka skrini ikajizima.
Nikagusa kipanya, wakarudi wote.
Hakumgusa Yaredi usoni. Aliweka kidole pale chini,
palipo na uzi ule, akakiacha.

Risiti nikaandika: kuongeza mtu mmoja, elfu kumi.
"Na kivuli?" akauliza, anafungua fundo la khanga.
Nikamwambia kivuli huja na mtu.