Bushuti la Wete

Kasha likifunguliwa, karafuu hutangulia kunena.
Kisha sufu: harufu ya mnyama
asiyewahi kunyeshewa Pemba.

Bibi Salhina halitoi kwa mkono mmoja.
Hulipakata.
"Babu yake Shaame alilivaa, akaoa.
Shaame akalivaa, akaoa, akaacha, akalivaa tena."

Aliyelifuma hatumjui jina.
Twajua alikosea mahali: chini ya kwapa la kushoto
uzi mmoja umeruka, pamebaki kitundu,
na kila bwana harusi wa mtaa huu
amekitia kidole
akingoja zamu ya kusema nimekubali.

Leo ni Mbarouk. Jua la saa nane, jasho mpaka kisogoni.
Wenzake wamekodi ya mashine,
mepesi, yang'aa, bei maelewano.
Yeye analitaka hili, zito, lawasha shingo.

Bibi amtundika mabegani, arudi nyuma hatua mbili,
aja tena, anyoosha zari iliyofifia.
"Usilifue. Lianike kivulini.
Na hicho kitundu usimpe fundi."
Akanyamaza, akafunga kasha.
"Hata mimi nilikitia kidole,
usiku wangu, taa imezimwa,
sina la kusema."