Soksi za Mwezi Mzima

Nomundari hakusema kitabu ni kizuri.
"Kizuri" ni neno la walimu, alisema,
wanaligonga kama muhuri wa posta
juu ya vitabu ambavyo hawajavifungua.

Alikirusha kitandani kwangu, kitanda cha juu,
chumba namba sita, bweni la watoto wa wafugaji,
Mandalgovi, Januari, dirisha limeota barafu kwa ndani.
"Soma hadi ukurasa wa arobaini.
Kikikuchosha, nitakufulia soksi mwezi mzima."

Kila mtu alikuwa na namna yake ya kusifu riwaya.
Dulguun alizipima mkononi kama mnunuzi wa nyama:
hii nzito, hii ina mafuta.
Enkhjin tulimkimbia, maana mdomo wake
haukujua kufunga mlango wa sura ya mwisho.
Tsolmon aliazima, akapenda, hakurudisha.

Jalada lilinuka mafuta ya kondoo.
Mtu alikuwa ameweka alama kwa unywele wa farasi,
mwingine kwa karatasi ya peremende,
na pembeni mwa ukurasa wa kumi na mbili, kwa penseli:
usianze usiku wa kuamkia hesabu.

Nikaanza usiku wa kuamkia hesabu.

Mwanamke fundi wa saa,
mji ambao treni zimeacha kupita.
Basi. Hakuna vita, hakuna harusi.
Ila kuna kijana anayeleta saa ya marehemu baba yake,
na fundi anaitengeneza, polepole, kurasa sabini,
mpaka nikawa nasikia skrubu ikizunguka
chini ya blanketi, kwa mwanga wa kurunzi
yenye betri nilizozipasha joto kwapani.

Asubuhi akauliza: vipi?
Nikapiga mwayo. Mwayo wa kweli, wa kukesha,
nikauvisha nguo ya uongo.
"Nimefika thelathini na nane. Kimenishinda."

Wewe ungefanyaje? Maji ya pipa
yalikuwa yanang'ata vidole hadi mfupani.
Nikamkabidhi soksi jozi nne, za sufu,
nikajiona mjanja wa bweni zima.

Siku ya tatu nikamaliza kitabu,
na ujanja ukanikwama kooni.
Maana mwishoni fundi anasawazisha saa zote za mji,
ila ile ya kijana anaiacha ichelewe dakika tisa,
makusudi, na mwandishi hasemi kwa nini.
Hasemi! Nikarudi nyuma, nikapekua,
nikasoma hata anwani ya kiwanda cha uchapaji.

Nimuulize nani?
Aliyejua alikuwa ameinamia beseni
akisugua kisigino cha soksi yangu,
vidole vimemwiva, anapiga mluzi.

Siku kumi na moja nikameza.
Kwenye supu ya tambi, dakika tisa.
Kwenye foleni ya choo, dakika tisa.
Siku ya kumi na mbili, anakamua jozi ya kijivu,
likanitoka:
"Lakini kwa nini tisa?"

Mluzi ukakatika.
Hakugeuka. "Thelathini na nane
ndipo kijana anapobisha hodi.
Hakuna mtu aliyewahi kuachia hapo.
Halafu kitabu kimekushinda, mbona hukukirudisha?"

"Ulijua, na ukafua?"

"Nilitaka kuona utakaa nacho peke yako mpaka lini."

Tukabishana hadi makaa yakawa majivu.
Mimi: kaiharibu ili kijana arudi.
Yeye: la, tisa hizo ni za baba,
hakuna fundi mwenye haki ya kuzirekebisha.
Nikamwita mkaidi. Akaniita mvivu wa soksi.
Tulipofika kwenye neno la mwisho la fundi, lile la mlangoni,
sauti ikalia kutoka kitanda cha chini,
Enkhjin, yeye yule, kajiziba masikio kwa mto:
"Msiseme mwisho! Mkilala huwa nakichukua,
nipo ukurasa wa ishirini!"

Jozi ya kijivu tuliisahau.
Asubuhi ilikuwa imeganda na beseni lake,
na safari hii
niliipasua barafu mwenyewe.