Kuegemea si Kunyonya

Mwenyekiti wa ploti alinikuta nikipokea zamu,
miwani juu ya paji, funguo zikilia kiunoni.
Akaunyoshea kidole mjakaranda wa geti la nyuma:
"Odunga, hilo dude linaunyonya mti.
Kesho nisilione."

Dude.
Mpungate usio na miiba ya kutisha,
majani bapa, marefu, kama mikanda iliyochakaa,
umejishika kwenye gome futi tatu juu ya ukuta,
mizizi yake haijawahi kugusa udongo wa Kileleshwa.
Miaka sita naulinda pamoja na magari yao.
Haunyonyi. Unaegemea tu.
Hunywa umande, vumbi, na kile mvua inachosahau.

"Nipe hadi Jumamosi," nikasema. Sikusema kwa nini.
Nilikuwa nimeliona tumba likining'inia,
shingo imepinda juu kama ya bata anayesikiliza.

Ijumaa, mvua za vuli zimekatika,
saa tatu usiku likaanza kutetemeka bila upepo.
Saa nne, ufa.
Saa tano nikazima redio.
Saa sita lilikuwa wazi lote, jeupe,
pana kuliko sahani ya mwanangu,
na harufu ikashuka ukutani ikatoka barabarani

ikamsimamisha Muuguzi Kerubo, viatu mkononi,
asiweze kusema neno, macho mekundu ya zamu ndefu;
ikamsimamisha mlevi wa nyumba namba nane,
akavua kofia, akauliza nani amefariki.
"Hakuna."
"Basi nani anaolewa?"
Sikuwa na jibu.
Nondo mnene akaingia, akakaa,
akatoka amejipaka unga kama fundi wa posho mill.

Alfajiri ua lilikuwa limelegea,
shingo ya kuku aliyekwisha chinjwa.
Mwenyekiti akaja na kandambili, akalitazama, akacheka puani:
"Ndicho ulichosubiri hiki?"
Nikasema ndicho. Nikapanda na panga.

Lakini jani moja, la shibiri moja hivi,
lilitoka getini ndani ya mfuko wangu,
limelalia chupa ya chai.
Kwetu Dandora hakuna mti.
Nimelifunga kwa kamba ya kiatu kwenye nguzo ya stima,
upande usiopigwa na jua la mchana,
na kila jioni, kabla sijaenda kazini,
jirani huniuliza nasubiri nini pale,
mtu mwenye usingizi kama mimi.